Skeli ya besi ya nyuzi tano: inchi 34, 35 au zaidi, na kinachobadilika hasa kwenye uzi wa B

MWANZISHA MADA

Wakuu, nawasalimu nyote. Jambo hili nimekaa nalo kwa muda mrefu, na nimeona ni vyema niliweke hapa tulijadili kwa vipimo, kwa sababu kila ninapokutana na mpiga gitaa la besi anayehama kutoka nyuzi nne kwenda nyuzi tano, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: achukue gitaa la skeli ya inchi 34 au la inchi 35? Jibu analopewa karibu kila mara ni kwamba bila inchi 35 uzi wa B, ule mnene wa sauti ya chini kabisa, utakuwa legelege na sauti yake haitashikika. Mimi nililiamini jibu hilo. Niliachana na besi yangu ya inchi 34, nikachukua ya inchi 35, na siku nilipoipiga kwa utulivu nikaikuta B yake ina ukungu ule ule niliokuwa nikiukimbia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipima na kulinganisha.

Kwa ambao neno hili ni geni kwao, skeli ni urefu wa sehemu ya uzi inayotetemeka uzi unapopigwa wazi, yaani kuanzia kizingiti kilicho kati ya shingo na kichwa cha gitaa hadi kwenye kiti cha uzi juu ya briji, kile kipande kilicho mwilini mwa gitaa kinachoshikilia nyuzi. Njia ya uhakika ya kuipima ni kuanzia kizingitini hadi katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), kisha kuzidisha kwa mbili, kwa sababu viti vya briji husogezwa nyuma kidogo ili sauti za juu zikae sawa, na anayepima moja kwa moja hadi brijini atapotoka kwa milimita kadhaa. Inchi 34 ni milimita 864 hivi, na inchi 35 ni milimita 889. Kipimo cha inchi 34 tumekirithi kutoka Fender Precision Bass ya mwaka 1951, ambayo ilikuwa na nyuzi nne na uzi wake mzito kuliko zote ulikuwa E. Hata besi ya kwanza ya nyuzi tano ya kampuni hiyo hiyo, Bass V ya mwaka 1965, iliongezewa uzi wa C upande wa juu, si B upande wa chini. Kwa hiyo tunapoiwekea besi ya inchi 34 uzi wa B, tunauomba urefu huo kazi ambayo haukupangiwa tangu mwanzo, na hapo wanaodai skeli ndefu wana hoja ya haki kabisa.

Lakini tufanye hesabu. Mvutano wa uzi hutegemea uzito wa uzi kwa kila kipande cha urefu wake, skeli, na idadi ya mitetemo kwa sekunde. Uzi ukiwa ule ule na sauti ikiwa ile ile, mvutano hupanda kwa kipeo cha pili cha skeli. Gawanya 35 kwa 34, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 1.06. Inchi moja, basi, inaongeza mvutano kwa asilimia 6. Kama uzi wako wa B ulikuwa ukivutwa kwa nguvu ya kilo 16 kwenye inchi 34, utavutwa kwa kilo 17 kwenye inchi 35. Sasa baki na inchi 34 zako, lakini toa uzi wenye unene wa inchi 0.130 uweke wa inchi 0.135 uliotengenezwa kwa namna ile ile: uzito wake umepanda kwa karibu asilimia 8, na mvutano umepanda vivyo hivyo. Yaani pakiti moja ya nyuzi imekupa mvutano mwingi zaidi kuliko gitaa jipya.

Kuna hesabu nyingine ambayo kwangu ndiyo iliyovunja imani niliyokuwa nayo. E ya chini hutetemeka mara 41.2 kwa sekunde, na B iliyo chini yake mara 30.9. Ikiwa tungetaka kupata B kwa kurefusha uzi peke yake, kwa unene ule ule na mvutano ule ule wa E, tungehitaji skeli ya inchi 45.4, sawa na sentimita 115. Hilo si gitaa tena. Linakaribia ukubwa wa besi ya kusimama, na hata kuupita. Pengo ni la inchi 11 na zaidi, nasi tunabishana juu ya inchi moja. Sehemu kubwa ya kazi ya kushusha sauti kutoka E hadi B inafanywa na unene wa uzi, na itaendelea kufanywa na unene hata ukifika inchi 37.

Ninachoomba tujadili ni hiki: kama mvutano unaoongezeka ni mdogo kiasi hicho, watu wanaosema wanasikia tofauti wanasikia nini?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nashukuru kwa mada nzito. Hesabu zako sizipingi, ila nakuomba usizitumie kuyafunga masikio ya watu. Nimepiga besi ya inchi 34 na ya inchi 35 za mtengenezaji mmoja, mbao za namna moja na pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za namna moja, na B ya inchi 35 ilikuwa na mwanzo wa sauti ulio wazi zaidi. Nilipopiga haraka, kila pigo lilisimama peke yake badala ya kumezwa na lililotangulia. Kampuni kama Modulus na Lakland hazikuchagua inchi 35 kwa besi zao za nyuzi tano kwa sababu ya mazoea. Kama si mvutano, basi kuna kitu kingine, na kitu hicho kipo.

MWANZISHA MADA

Ndugu yangu, nakubaliana nawe kwamba kipo, na ndiyo sababu nimeliuliza swali badala ya kulifunga. Naamini kinachosikika ni ukakamavu wa uzi, na nitajaribu kueleza kwa utaratibu.

Katika nadharia, uzi ukitetemeka hutoa sauti ya msingi pamoja na hamoniki zake, ambazo ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya sauti hiyo, na kuendelea. Uzi ambao ungekuwa mlaini kabisa ungezitoa hamoniki hizo mahali pake hasa. Lakini uzi wa chuma si mlaini. Unajipinda kwa shida kama fimbo nyembamba, na shida hiyo huzisukuma hamoniki za juu zipande kidogo kuliko zinavyopaswa, na kadiri hamoniki inavyokuwa ya juu ndivyo inavyopotoka zaidi. Uzi wa B ndio mnene kuliko wote, kwa hiyo ndio unaoumia zaidi. Hamoniki zake zikipishana na mahali pake, sikio halipati jambo moja la kushika, na hicho ndicho tunachokiita ukungu.

Sasa urefu unaingia hapa kwa nguvu kuliko unavyoingia kwenye mvutano. Kwa uzi ule ule na sauti ile ile, upotofu huo hupungua kwa kipeo cha nne cha skeli. Kutoka inchi 34 hadi 35, upotofu unashuka kwa asilimia 11. Ukifika 36 umeshuka kwa asilimia 20, na kwenye 37 kwa asilimia 29. Ukienda upande wa pili, hadi inchi 30, unapanda kwa asilimia 65. Hii ndiyo sababu uzi mnene zaidi na skeli ndefu zaidi haviwezi kuhesabiwa kuwa dawa moja ingawa vyote viwili vinaongeza mvutano: unene unaongeza ukakamavu, urefu unaupunguza. Hapo nakiri kwamba katika hoja yangu ya kwanza nilikuwa nimeupima urefu kwa mizani isiyoutendea haki.

Tazameni piano. Piano fupi ya kusimama na piano kubwa ya jukwaani zina sauti zile zile za chini, lakini ile fupi inalazimika kutumia nyuzi fupi na nene, na sauti zake za mwisho huko chini husikika kama zimefunikwa na blanketi. Tazameni pia besi ya kusimama ya okestra, ambayo uzi wake una urefu wa takriban sentimita 105. Wapigaji wanapotaka kushuka chini ya E hadi C, njia mojawapo inayotumika sana ni kuurefusha uzi wa E upite juu ya kichwa cha chombo kwa kipande maalumu cha ubao wa vidole, badala ya kutegemea unene peke yake. Mafundi wa zamani walishajua kwamba sauti ya chini inapenda urefu.

Kuna jambo la spika pia, ambalo tunalisahau. Spika nyingi za besi hupunguza nguvu chini ya mitetemo 40 au 50 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ya msingi ya B wazi, ile ya 30.9, hutoka kwa unyonge sana au haitoki kabisa. Tunachokisikia kwa nguvu ni hamoniki ya pili kwenye 62 na ya tatu kwenye 93, na sikio letu lenyewe ndilo linalojenga ile ya msingi kutokana na hizo. Kwa maana hiyo hamoniki kukaa mahali pake si urembo wa sauti ya B. Ndiyo sauti yenyewe.

Nina jaribio ambalo kila mmoja anaweza kulifanya kwa besi aliyo nayo, bila kuazima nyingine. Shusha uzi wa B kwa nusu toni hadi B bapa (B flat), kisha funga kapo, yaani kibanio cha kukandamiza nyuzi shingoni, kwenye freti ya kwanza. Sasa una B kwa uzi ule ule, shingo ile ile, pikapu zile zile, lakini kwa urefu wa inchi 32.1 badala ya 34. Rekodi sauti kadhaa. Ondoa kapo, rudisha uzi hadi B, acha utulie, rekodi tena sauti zile zile. Umebadilisha urefu kwa karibu inchi mbili, na mvutano kwa asilimia 11, bila kugusa kitu kingine chochote. Jaribio lina kasoro moja: pikapu imebaki umbali ule ule kutoka brijini, kwa hiyo kwa kulinganisha na urefu mpya inakaa ndani zaidi kuelekea katikati ya uzi, jambo ambalo peke yake huleta unene kidogo wa sauti. Hata hivyo sijaona njia nyingine iliyo ya haki kuliko hiyo.

MCHANGIAJI WA PILI

Nimelifanya jaribio la kapo jana usiku na nikaona ni wajibu wangu kurudisha jibu. B wazi ya inchi 34 na B ya inchi 32.1 zilitofautiana kwenye rekodi, lakini kwa kiasi kidogo kuliko nilivyotarajia. Ilinibidi nisikilize mara tatu kwa vipokea sauti vya masikioni ndipo nilipokuwa na hakika. Tofauti ilijitokeza zaidi nilipopanda juu ya shingo. Nilipopiga sauti ya E kwenye uzi wa B, hatua tano juu ya kapo, ilikuwa butu na fupi. Ile ya freti ya 5 bila kapo ilikuwa na uhai zaidi, ingawa nayo haikuufikia uzi wa E uliopigwa wazi. Kwa mkono, niliuhisi uzi wa kapo ukiwa mlegevu mara moja, kabla hata sijausikia.

MCHANGIAJI WA TATU (fundi wa magitaa)

Wakuu, nimesoma kwa makini, na naomba niongeze kutoka mezani kwangu. Mambo ya hesabu mmeyaeleza vizuri. Ila katika besi za nyuzi tano ninazoletewa kwa malalamiko ya B mbovu, mara nyingi skeli haina hatia.

Kosa ninalolikuta zaidi ni uzi uliojisokota wakati wa kufungwa. Uzi wa B una kiini na tabaka za waya uliozungushwa juu yake; mtu akiupitisha kwenye briji, akauzungushia kwenye kigingi cha kutyunia huku akiulazimisha ugeuke, msokoto unabaki ndani na uzi hautetemeki tena kwa usawa. Sauti yake inayumba, inaanza ikiwa juu kidogo halafu inashuka, na hamoniki zake zinagombana. Dawa yake ni kuulegeza kabisa, kuuchomoa kwenye kigingi, kuuacha ujigeuze wenyewe hadi utulie, kisha kuurudisha bila kuuzungusha. Kazi ya dakika tano.

La pili ni mkunjo kwenye kizingiti na kwenye kiti cha briji. Uzi mnene haupendi kujikunja, kwa hiyo unapita juu ya kiti kwa tao badala ya pembe, na sehemu inayotetemeka haina mwisho ulio wazi. Ubonyeze kwa kidole gumba mbele kidogo ya kiti na mbele kidogo ya kizingiti, kwa upole lakini kwa uthabiti, kisha utyuni tena. Ni kwa ajili ya tatizo hilo hilo ndipo zikatengenezwa nyuzi za B ambazo tabaka zake za nje zimekatizwa karibu na briji, ili sehemu inayokaa kwenye kiti iwe nyembamba na ijikunje kirahisi. Kwa besi ya inchi 34 nyuzi hizo husaidia kuliko watu wanavyodhani, na huwa zinahitaji kiti kupandishwa kidogo kwa kuwa uzi umekuwa mwembamba hapo.

La tatu ni shingo. Shingo laini hunywa nguvu ya uzi. Kuna sauti ambazo shingo yenyewe hutetemeka nazo, na zikipigwa hufa haraka. Wapiga besi wengi wanalijua eneo la freti ya 5 hadi ya 7 kwenye uzi wa G. Shingo ya besi ya inchi 35 inakuwa ndefu zaidi na inabeba mvutano zaidi, kwa hiyo ikiwa haikuimarishwa kwa mbao za tabaka au kwa fito za kaboni, urefu ulioongezwa unaweza kurudisha kwa mkono wa kushoto kile ulichotoa kwa mkono wa kulia. StingRay 5 ya Music Man, iliyotoka mwaka 1987, ni ya inchi 34 na B yake inasifiwa hadi leo. Shingo yake imefungwa kwa skrubu sita, na sidhani kwamba hilo halihusiki.

Na kabla sijasahau: mnaohamia inchi 35 au 36, pimeni urefu wa uzi kabla ya kuukata, hasa kama nyuzi zinapita katikati ya mwili wa gitaa kutokea nyuma. Uzi mfupi utafikisha ile sehemu yake nyembamba ya mwisho juu ya kizingiti, na hapo B yako imekwisha.

MCHANGIAJI WA NNE

Naomba kuuliza kwa upande wa mkono. Mimi vidole vyangu ni vifupi. Kila mtu anaizungumzia sauti, lakini ninachokiogopa ni freti za mwanzo. Je, tofauti ya inchi moja ni kubwa kwa mkono wa kushoto? Na je, ni ujinga kutafuta besi ya nyuzi tano yenye inchi 33 au 32?

MWANZISHA MADA

Swali lako si la pembeni, ndugu. Kwa maoni yangu lilipaswa kutangulia maswali yote mengine. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne, ambako mkono hunyooka zaidi kwa wale wanaotumia kidole kimoja kwa kila freti, kuna milimita 130 kwenye inchi 34. Kwenye inchi 35 zinakuwa 133 na nusu, kwenye 37 zinakuwa 141. Ukishuka hadi inchi 33 unapata 126, na kwenye inchi 30 unapata 114. Kwa hiyo kati ya 34 na 35 tofauti haizidi milimita 4 katika kunyoosha vidole vyote vinne. Mtu akipiga nyimbo mbili haioni. Akipiga saa tatu mfululizo, anaiona.

Lakini vidole si hesabu yote. Jambo linalochosha zaidi ni mahali freti ya kwanza ilipo ukilinganisha na bega lako, na hilo linaamuliwa na umbo la mwili wa gitaa: briji imewekwa mwishoni kabisa au imesogezwa mbele, na pembe ya juu inayoshika mkanda inafika freti ya ngapi. Besi ya inchi 35 yenye briji ya mwishoni kabisa na pembe ndefu inaweza kukuletea freti ya kwanza karibu kuliko besi ya inchi 34 yenye mwili mdogo na pembe fupi. Mimi mwenyewe, besi yangu ya inchi 35 ilinipa maumivu kwenye kifundo cha mkono kwa wiki kadhaa, nikailaumu skeli, hadi nilipofupisha mkanda na kuipandisha shingo kwa pembe kubwa zaidi, maumivu yakaondoka. Jaribu kwa kusimama, ukiwa umeivaa, na uanze kwa F na G bapa kwenye uzi wa E pamoja na C kwenye uzi wa B. Usiijaribu kwa kukaa peke yake.

Kuhusu inchi 33 na 32, si ujinga hata kidogo. Kwenye 33 mvutano unapungua kwa asilimia 6 na upotofu wa hamoniki unapanda kwa asilimia 13 hivi. Kwenye 32 upotofu unapanda kwa asilimia 27. Hivyo ni vitu vinavyoweza kufidiwa kwa kiasi kikubwa kwa uzi uliochaguliwa vizuri na kwa mkono mwepesi. Mpigaji anayepiga kwa upole karibu na briji atapata B nzuri kwenye inchi 32, na mwenye kuukung'uta uzi kwa nguvu zote juu ya mwisho wa shingo atapata mngurumo wa freti hata kwenye 36, kwa sababu uzi mlegevu hupanua tao lake na kugonga freti. Tena skeli fupi ina utamu wake upande wa juu: uzi wa G unakuwa na mwili, na hausikiki mwembamba.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hapo kwenye G umenikumbusha jambo ambalo nililikwepa nilipoandika mwanzoni. Ni kweli kwamba besi yangu ya inchi 35 ilikuwa na B bora, lakini G yake ilikuwa kali na ngumu chini ya kidole, na nilipokuwa nikipiga vipande vya juu nilijikuta nikipunguza sauti kali kwenye amplifaya. Skeli moja inazihudumia nyuzi tano zenye mahitaji tofauti. Ndiyo maana nadhani freti za upepeo zina mantiki kuliko skeli ndefu ya moja kwa moja.

MWANZISHA MADA

Umeligusa jambo ambalo ningetamani lizungumzwe zaidi. Wazo la freti zinazotawanyika kama upepeo, ili kila uzi uwe na urefu wake, lilipewa hataza Marekani mwaka 1989 kwa jina la Ralph Novak, na kwa upande wa besi Dingwall wa Kanada ndio walioliendeleza kwa bidii. Besi zao nyingi za nyuzi tano zina inchi 37 kwenye B na inchi 34 kwenye G. Maana yake ni kwamba G inabaki pale pale tulipoizoea, huku B ikipata punguzo lile la asilimia 29 la upotofu. Nilipoipiga moja kwa mara ya kwanza, niliuhisi uzi wa B ukijibu kidole kama ndugu wa E, si kama mgeni aliyekaribishwa kwa shida. Freti zenyewe hazikunisumbua kama nilivyodhani, kwa kuwa katikati ya shingo ziko karibu sawa na za kawaida. Kazi ilikuwa freti za mwanzo upande wa B, na kupiga sauti mbili kwa pamoja, moja kwenye B na nyingine kwenye G, ambako kidole kinapaswa kujifunza upya mstari.

Wapo pia waliochagua urefu kwa nyuzi zote bila kuogopa. Mpiga besi wa Marekani Anthony Jackson, ambaye kuanzia miaka ya 1970 alikuwa akipiga gitaa lake la nyuzi sita linaloanzia B hiyo hiyo, aliishia kwenye inchi 36 kwa magitaa aliyotengenezewa na Fodera. Kwa mpigaji wa aina yake, mwenye mkono uliozoezwa kwa nidhamu kubwa na anayekaa chini anapopiga, inchi 36 ni uamuzi wenye akili. Kwa mtu anayesimama usiku mzima akiwa na mkanda begani, uamuzi huo huo unaweza kuwa mzigo.

Naomba sasa nirudi kwa fundi wetu, kwa kuwa nina deni kwake. Fundi, baada ya kusoma maelezo yako niliilaza besi yangu ya inchi 35 mezani, nikaulegeza uzi wa B na kuuchomoa kwenye kigingi. Ulijigeuza mzunguko mzima na robo kabla haujatulia. Niliurudisha kama ulivyoelekeza, nikaubonyeza kwenye kiti na kwenye kizingiti, nikautyuni. Ukungu ule ulionifanya nianzishe mada hii ulipungua kwa kiasi ambacho sikuhitaji kurekodi ili kukithibitisha. Uzi ulikuwa umesokotwa tangu siku nilipoufunga mimi mwenyewe.

Baada ya hapo nikaazima ile besi ya inchi 34 niliyoachana nayo, nikaiwekea uzi wa B wa pakiti ya namna ile ile, nikaufunga kwa uangalifu ule ule, na kuzipiga zote mbili kwa mtu aliyefumba macho. Kwenye B wazi hakuweza kuzitenganisha kwa uhakika. Kwenye C na D alianza kusitasita. Kuanzia freti ya 5 kwenda juu, ambako sehemu inayotetemeka imefupishwa na ukakamavu wa uzi unazidi kujionyesha, aliitambua ya inchi 35 karibu kila mara, na alisema ile nyingine ilikuwa inakauka mapema. Hayo yanakwenda sambamba na alichokieleza mchangiaji wa pili kuhusu kapo. Kwa hiyo anayepiga uzi wa B kwa sauti nne za mwanzo tu, kisha akahamia uzi wa E, ajue kwamba inchi hiyo moja ataisikia kwa nadra. Na anayependa kupanda na uzi wa B hadi freti ya 9 au ya 10 ili asihame mahali, aanzie utafutaji wake kwenye inchi 35 au kwenye freti za upepeo.

Kesho nitafunga uzi wa inchi 0.130 uliokatizwa tabaka karibu na briji kwenye ile ya inchi 34, na wa kawaida kwenye ya inchi 35, nizilinganishe kwenye freti ya 5, ya 7 na ya 9. Rekodi nitaziweka hapa hapa bila kuandika ipi ni ipi, na nawaomba mzisikilize kwa vipokea sauti kabla ya kusoma majibu ya wenzenu.